Mama Aliyekataa Kanda za Mwezi Zitupwe

California kuna jengo lililokuwa mgahawa wa McDonald's. Liko ndani ya eneo la Ames, kituo cha utafiti cha NASA, na baga ziliacha kuuzwa pale zamani. Lakini ungepita mwaka 2008 ungeshangaa. Dirishani ilining'inia bendera nyeusi ya maharamia, ile ya fuvu na mifupa. Ndani, pale watu walipokuwa wanapanga foleni ya chipsi, palikuwa pamejaa kanda za sumaku zilizopangwa kuanzia chini mpaka juu, na mashine kubwa kama mafriji zimefunguliwa matumbo. Wenyewe walipabatiza McMoon's.

Kwenye zile kanda kulikuwa na mwezi. Yaani picha za mwezi za mwaka 1966 na 1967, kali kuliko dunia ilivyowahi kuziona, na zimekaa gizani miaka zaidi ya 40. Zilifikaje kwenye mgahawa wa baga? Hapo ndipo stori ilipo, na anayeibeba ni mama mmoja ambaye hakuwa mwanaanga wala bosi wa mtu. Kazi yake ilikuwa kutunza kumbukumbu.

Twende nyuma kidogo. Kabla Wamarekani hawajampeleka mtu mwezini, walihitaji kujua atatua wapi. Usije ukamtua mtu juu ya mawe. Wakarusha vyombo vitano vya Lunar Orbiter, cha kwanza Agosti 1966 na cha mwisho Agosti 1967, vyote vikazunguka mwezi na kuupiga picha. Na enzi hizo hakuna kamera ya dijitali. Chombo kilibeba filamu ya kweli, kikaipiga picha, kikaisafisha hukohuko angani kama studio ya mtaani, halafu mwali mwembamba wa mwanga ukaipitia mstari kwa mstari na kuigeuza kuwa mawimbi ya redio. Duniani vituo vitatu vilikuwa vinasikiliza: Goldstone huko California, Madrid kule Hispania, na Woomera, Australia. Mawimbi yalipofika yalirekodiwa kwenye kanda pana za inchi 2.

Kazi ilipoisha, vyombo vyenyewe viliishia kuanguka mwezini, vingi vikiangushwa makusudi ili visije kusumbua safari za watu. Filamu ikaenda navyo. Kwa hiyo ukiuliza picha halisi ziko wapi, jibu ni moja tu: kwenye kanda.

Umma ulionyeshwa picha, ndiyo, ila zilizofifia na zenye mistari mistari kama pazia la dirisha la ofisi. Wakati ule zilitolewa kwa kuunganisha vipande vya filamu kimoja kimoja, na kila hatua ilikula ubora kidogo. Kwenye kanda ubora ulikuwa bado wote upo, lakini ili uuone ulihitaji mashine iliyozirekodi, Ampex FR-900. Hiyo haikuwa mashine ya dukani. Ilikuwa nzito, ya bei mbaya, na walioinunua walikuwa taasisi chache za serikali.

Sasa fika mwaka 1986. Kanda zimekaa stoo Maryland karibu miaka 20, hakuna anayeziuliza. Karatasi zikamfikia mama yetu, aliyekuwa anafanya kazi JPL, kituo cha NASA cha huko Pasadena. Swali lilikuwa la kawaida kabisa ofisini: hizi tuzitupe? Kusema "tupeni" ilikuwa saini moja na mambo yaishe. Akakataa. Akataka kanda zihamishiwe kwao, zote, kama 1,500 hivi.

Kukataa tu kulikuwa rahisi. Wengi tunajua kukataa kutupa vitu, ndiyo maana nyumba zimejaa chaja za Nokia ya pini. Kilichomtofautisha huyu mama ni kwamba alijiuliza swali la pili: zitasomwa na nini? Kanda bila mashine yake ni sawa na kaseti ndani ya nyumba isiyo na redio. Akaanza kutafuta FR-900 kila kona. Hatimaye zikapatikana nne kwenye kambi ya jeshi la anga la Marekani huko Florida. Kazini hapakuwa na pa kuziweka, akazipeleka nyumbani kwake, pale gari linapolala. Fikiria ndugu zake wanakuja Jumapili wanakuta mitambo minne ya kijeshi imekaa gerejini. Aliomba fedha za mradi wa kuzitengeneza, akanyimwa. Akaendelea kuzikalisha pale. Miaka ikapita, akastaafu, na mashine bado zipo.

Ili uone alichokiokoa, angalia kilichotokea kwa kanda za jirani, ndani ya NASA hiyohiyo.

Julai 1969, Apollo 11, binadamu wa kwanza anakanyaga mwezi. Mamia ya mamilioni ya watu wanaangalia kwenye televisheni. Kile walichokiona hakikuwa picha iliyotoka mwezini moja kwa moja. Kamera ya mwezini ilitoa fremu 10 tu kwa sekunde, na televisheni za majumbani hazikuweza kuisoma. Mafundi wakafanya nini? Wakaionyesha picha kwenye skrini maalumu, wakaelekeza kamera ya kawaida kwenye ile skrini, na hicho ndicho kilichorushwa. Kama wale wanaorekodi mechi ya kwenye TV kwa simu halafu wanaiposti. Ndiyo maana yule mwanaanga anaonekana kama mzuka kwenye ukungu.

Picha yenyewe, iliyokuwa safi zaidi, ilirekodiwa pembeni kwenye kanda za data pamoja na taarifa nyingine za chombo. Ilikuwa ni bekapu. Ikitokea kurusha moja kwa moja kumefeli, watu warudi kwenye kanda. Kurusha kukafaulu, dunia ikashangilia, na bekapu ikasahaulika siku hiyohiyo.

Watu walikuja kuzitafuta kwa nguvu kuanzia miaka ya 2000. Mafundi waliofanya kazi ile wakiwa vijana sasa walikuwa wazee wenye mvi, na walikumbuka vizuri kwamba picha waliyoiona kwenye skrini zao ilikuwa kali kuliko iliyokwenda hewani. Wakapekua stoo na nyaraka. Mwaka 2009 NASA ikatoa jibu, na jibu lilikuwa chungu: kwa kila dalili kanda zilifutwa. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 kulikuwa na uhaba wa kanda mpya, setilaiti zilikuwa zinamwaga data kila siku, hivyo kanda za zamani zikatolewa stoo kwa maelfu, zikasafishwa kwa sumaku na kurekodiwa upya.

Kabla hujawatukana, kumbuka nyumbani kwenu. Kaseti ilikuwa na vijitobo viwili juu, vilivyovunjwa ili mtu asirekodi juu yake. Na watu walifanya nini? Walikunja kipande cha karatasi, wakaziba tobo, wakabonyeza rekodi. Harusi ya mjomba ikafunikwa na kipindi cha salamu za redioni. Hakuna aliyekuwa na roho mbaya. Kaseti tupu ilikuwa pesa, na juu ya ile ya zamani hapakuandikwa chochote cha kumzuia mtu.

Hilo la kuandikwa ndilo lililoua zile za Apollo. Kwa mtu wa stoo, zilikuwa kanda za data za safari iliyokwisha, zimepangwa na maelfu ya wenzake zinazofanana nazo. Ndani kuna televisheni ya siku kubwa kuliko zote za karne, nje kuna boksi kama maboksi mengine.

Na kuna kijana mmoja anayethibitisha jambo hili kwa dola. Mwaka 1976 alikuwa mwanafunzi anayefanya mafunzo kwa vitendo NASA huko Houston. Akaenda kwenye mnada wa mali chakavu za serikali, akanunua rundo la kanda 1,150 kwa dola 217.77. Hakutafuta historia hata kidogo. Mpango wake ulikuwa kuziuza kwa vituo vya televisheni ili warekodi vipindi vyao juu yake, maana kanda mpya zilikuwa ghali. Alishaanza kuzitoa. Baba yake ndiye aliyeona lebo kwenye kanda tatu zilizosema ni za Apollo 11, tarehe 20 Julai 1969, akamwambia hizi weka pembeni.

Hazikuwa zile kali zilizofutwa. Zilikuwa rekodi za matangazo yaliyofika Houston, lakini bado zilikuwa nakala za mwanzo za matangazo hayo. Tarehe 20 Julai 2019, miaka 50 kamili tangu mtu atue, ziliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's New York kwa dola milioni 1.82. Kanda tatu. Mzee aliyekuwa anasoma lebo hakujua thamani hiyo, na wala hakuhitaji kujua. Aliyezibandika lebo miaka saba kabla ndiye aliyefanya kazi kubwa, kwa kalamu na dakika moja ya muda wake.

Turudi kwa mama yetu. Mwaka 2007 habari za mashine zake zikawafikia jamaa wawili. Mmoja mjasiriamali wa mambo ya anga, mwingine aliwahi kufanya kazi NASA na baadaye akawa na tovuti ya habari za anga. Wakaenda, wakakuta ni kweli: mashine zipo zimeota vumbi, kanda zipo, na mama mwenyewe yupo na anakumbuka kila kitu. Wakakodi malori, wakapakia, wakapeleka mzigo wote Ames. Majengo ya bure yasiyo na mtu hayakuwa mengi, wakapewa ule mgahawa wa baga.

Ukarabati ulikuwa wa kubangaiza kwa heshima zote. Mashine nne zilichinjwa ili ipatikane moja inayozunguka. Spea hazitengenezwi tena, kwa hiyo motor zilifufuliwa, vipuri vya umeme vikabadilishwa, na vile vichwa vidogo vinavyogusa kanda na kuisoma vikapelekwa kwa mafundi wachache waliobaki wanaojua kazi hiyo. Wastaafu walioijua FR-900 wakiwa vijana walirudi kazini wakiwa wazee. Halafu mashine ikazunguka, ishara ikatoka, na bado hapakuwa na picha, maana kifaa cha kuigeuza ile ishara kuwa picha kilikuwa hakipo. Ikabidi kitengenezwe upya kwa kufuata nyaraka za miaka ya 1960.

Hapo simama kidogo uhesabu. Mama alitunza kanda. Akatunza mashine. Nyaraka zikatafutwa zikapatikana. Wazee walikuwa bado hai. Kimoja tu kati ya hivyo vinne kingekosekana, zile kanda 1,500 zingekuwa mzigo wa plastiki. Watu wa teknolojia huongea sana kuhusu kuhifadhi data, na wakiongea hivyo wanamaanisha diski au kanda. Ni sehemu ndogo. Data inaishi kama kuna mtu anayejua ipo wapi, kuna kitu cha kuisomea, na kuna aliyewahi kujaribu kuisoma kabla ya siku ya msiba.

Waliosahau hilo la kujaribu ni wengi, na wengine ni maarufu. Mwaka 1998 pale Pixar, wakiwa wanatengeneza Toy Story 2, mtu mmoja aliandika amri ya kufuta mahali pasipostahili. Wenzake wakiwa kwenye skrini wanaona kofia ya Woody inapotea, viatu vinapotea, Woody mwenyewe haonekani. Sehemu kubwa ya filamu ikayeyuka. Hakuna hofu, tuna bekapu! Kumbe bekapu ilikuwa haifanyi kazi vizuri kwa muda, na hakuna aliyekuwa amejaribu kurudisha kitu ili ajue. Aliyewaokoa ni mama mzazi mwenye mtoto mchanga, msimamizi wa ufundi aliyekuwa anafanyia kazi nyumbani, ambaye kompyuta yake ilikuwa na nakala. Wakaenda kuichukua kwa gari, wakaivalisha mablanketi na mkanda kama mgonjwa. Baadaye stori ya filamu iliandikwa upya karibu yote na wakaitengeneza tena kwa miezi michache, lakini hilo ni la siku nyingine.

Tarehe 23 Agosti 1966, Lunar Orbiter ya kwanza ilikuwa imepiga picha ya dunia ikiwa mwezi mwembamba angani, juu ya upeo wa mwezi wenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kabisa dunia kupigwa picha kutokea kule. Novemba 2008, pale McMoon's, ile kanda ikapitishwa kwenye mashine iliyofufuliwa. Picha ikajijenga kwenye skrini mstari kwa mstari, makovu ya mwezi yenye kingo kali, na nyuma yake dunia na mawingu yake. Mawingu ya siku ile ile, miaka 42 iliyopita. NASA wakaitangaza. Kazi ya kuzihamisha kanda zilizobaki kwenda dijitali ikaendelea kwa miaka mingine kadhaa, na wanasayansi wakapata kitu cha kulinganisha na picha mpya za mwezi ili kuona kama kuna mashimo yaliyochimbika katikati.

Usidhani kanda zimekufa na enzi hizo. Zipo, tena nyingi, na huenda barua pepe zako zimewahi kulala juu yake. Februari 2011 watumiaji wachache wa Gmail, kama asilimia 0.02, waliamka wakakuta akaunti tupu kama simu mpya. Hitilafu ya programu ilikuwa imefuta mpaka nakala zilizokaa kwenye diski. Google wakarudisha kutoka kwenye kanda, kwa sababu hitilafu ya programu haiwezi kuifikia kanda iliyokaa kabatini bila umeme.

Kanda za leo za aina ya LTO ni ndogo kama kitabu cha mfukoni na zina msimbo wa mistari pembeni, kama ule wa sabuni ya supamaketi. Kuna rejista ya kompyuta inayosema faili fulani lipo kanda namba fulani, na rejista yenyewe inatakiwa iwe na nakala mahali pengine, la sivyo utakuwa na ghala la kanda na hujui uanzie wapi. Ugonjwa wa FR-900 nao haujapona. Mashine nyingi za LTO zinasoma kanda za kizazi kimoja au viwili nyuma, basi. Ukichelewa kuhamisha data, ujue na wewe unatafuta gereji.

Machi 2012 ndipo rejista hizo zilipopimwa kweli. Google walikuwa na huduma ya muziki, watu wanapakia nyimbo zao na kuzisikiliza popote. Programu ya kufuta data isiyohitajika ikafuta na isiyotakiwa kufutwa, kama nyimbo 600,000 za watumiaji wapatao 21,000. Rejista ikaulizwa, ikajibu: zaidi ya nyimbo 430,000 zipo kwenye kanda, na kanda zenyewe ni zaidi ya 5,000, zimetunzwa mbali na kituo. Zile nyingine 161,000 hivi zilikuwa zimefutwa kabla ya kufika kwenye kanda yoyote, hizo zikatafutiwa njia nyingine.

Malori yakaenda kuzichukua. Na hapa kuna kitu kitamu: roboti za kupandisha kanda zilikuwepo, ila wahandisi wakapiga hesabu wakaona ni taratibu mno kwa mzigo ule. Wakaitwa mafundi, binadamu wenye mikono, wakawa wanapachika kanda moja moja, maelfu, kila moja mahali pake kwa namba yake. Wenye nyimbo wengi walikuja kuzikuta zimerudi kwenye orodha zao, wakabonyeza, zikapiga.